Uso wa Mwali wa Njiro

Kama kuna kitu Bi Twahira alikijua duniani baada ya sala zake, ni ngozi ya binadamu. Wengine husoma magazeti, wengine husoma nyota. Yeye alisoma migongo, mabega na mashavu, tena bila miwani, kwa ncha za vidole tu. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa somo wa maharusi hapa Arusha. Aliitwa huku na kule, kuanzia Kimandolu alikoishi hadi Olasiti, kwenda kumsinga mwali aliyewekwa ndani akisubiri siku yake. Alitwanga singo mwenyewe, liwa na karafuu na dalia na maua ya waridi, akaichanganya na marashi, akampaka mwali mwili mzima, kisha akamsugua taratibu mpaka taka zikadondoka kama unga. Na kila mara ngozi mpya ilipotokeza chini ya kiganja chake alisema, "Subhanallah," kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Watu walimcheka. Yeye aliwajibu kwamba mtu asiyeishangaa ngozi hajawahi kuitazama.

Mwezi wa saba aliitwa Njiro, kwa Mzee Mikidadi, kumsinga binti yake Najat. Nyumba ile ilikuwa ya ukuta mrefu na geti la umeme, lakini mambo ya harusi yalifuatwa kama walivyoyafuata mabibi zao waliotoka Tanga. Mwali aliingizwa ndani Jumamosi, atoke Jumamosi ya pili. Asionekane na mwanamume, asiguse jiko, asipigwe na jua. Chumbani kwake kiliwekwa chetezo cha kufukizia udi, na hapo Najat aliwashangaza wote. Alikuwa hatosheki na udi! Asubuhi aliagiza makaa, mchana makaa, alasiri makaa.

"Mwali gani huyu," mama yake, Bi Sophia, alisema kwa furaha. "Vijana wa siku hizi wanakohoa wakisikia udi, wangu anauomba kama chakula."

Shangazi mtu, dada yake Mzee Mikidadi, aliitikia kwa kichwa akaridhika. Huyo shangazi hakuwa mtu wa kuridhika hovyo. Alikuwa na mdomo ambao ukoo mzima ulijifunza kuupisha njia.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu, Jumatatu, Bi Twahira alifunua mtandio usoni mwa Najat akausogeza uso ule kwenye mwanga. Kuzunguka mdomo, kidevuni na pembeni mwa pua, zilikuwa zimetoka chunusi, nyekundu, nyingine na usaha. Siku ya kwanza alikuwa ameziona mbili tatu, akadhani ni za kawaida, akazisugua kidogo zaidi ziondoke. Sasa zilikuwa jeshi.

"Umemuunguza," shangazi mtu alisema pale pale, bila hata kuvuta pumzi. "Umemuunguza mtoto wa watu na madawa yako."

Bi Twahira alianza kukusanya vyombo vyake. Moyoni mwake aliamini ni kweli.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baridi ya mwaka huo ilikuwa kali, Meru ilijifunika mawingu wiki nzima, na mti wake wa waridi pale uani ulikataa kutoa hata ua moja. Jirani yake Marta alikuwa akifanya kazi katika shamba moja la maua, akamletea kikapu cha waridi zilizobaki, nzuri ajabu, nyekundu tupu. Bi Twahira alijua kwamba maua ya biashara hupuliziwa dawa za wadudu. Aliyaosha mara tatu, akayaanika, akayatwanga. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa hajawahi kumpaka mwali kitu asichojua kilikotoka, na mara ya kwanza aliyofanya hivyo, uso wa mtoto ukaharibika. Alirudi kwake Kimandolu siku hiyo akaitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine. Alijipaka singo ile ile usoni, nene, akakaa nayo mpaka ikakauka ikamvuta mashavu. Hakutaka kutafuta kisingizio. Kama ni sumu, na imle yeye pia.

Asubuhi ya Jumanne uso wake ulikuwa laini kama siku zote. Hilo halikumtuliza, maana ngozi ya bibi wa miaka sitini na ngozi ya msichana wa ishirini na nne si moja. Alipiga moyo konde, akavaa sweta juu ya baibui, akachukua bajaji hadi Njiro, nia yake ikiwa moja: amwambie Bi Sophia habari za maua, aombe radhi, aache kazi hii kabisa.

Bi Sophia alikuwa bafuni. Bi Twahira akaona apitie kwanza chumbani kwa mwali. Alibisha, akasubiri kidogo, akaingia. Chetezo kilikuwa kinatoa moshi mzito, Najat amekaa kitandani amejitanda khanga mpaka kidevuni.

"Shikamoo somo."

"Marahaba mwanangu. Nigeuzie mgongo."

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Labda mikono ilitaka kuaga. Akapitisha vidole mabegani, akashuka uti wa mgongo, akazunguka mbavu. Laini. Akashika mikono, viwiko, shingo nyuma. Vyote laini, vinang'aa, kazi safi kabisa. Akasimama. Singo ile ile, maua yale yale, mwili mzima. Mbona basi imekosea hapa tu, kuzunguka mdomo? Akamgeuza Najat, akamgusa midomo kwa kidole gumba. Ilikuwa imekauka, ina magamba. Ngozi ya pembeni ilikuwa kavu pia, imechoka, wakati sentimita chache pembeni shavu lilikuwa na afya yake. Na upande wa kulia ulizidi kushoto.

Akainama karibu zaidi, na hapo akasikia harufu. Chini ya udi, chini ya marashi, kulikuwa na harufu tamu ya embe bivu.

"Umekula embe?"

"Hapana, somo."

"Embe mwezi wa saba, Arusha hii?"

Najat alifumba macho. Kisha, taratibu, akaingiza mkono chini ya mto akatoa kitu kirefu kama kalamu nene, cha rangi ya machungwa, chenye kijitaa kidogo. Bi Twahira alikipokea akakigeuzageuza. Alidhani ni cha kuchajia simu.

"Ni vepu," Najat alisema. "Sigara ya umeme. Nilianza kazini mwaka jana, msimu wa watalii. Wenzangu waliniambia haina moshi, ni mvuke tu, haina neno. Nikawa nikichoka, navuta. Nikikasirika, navuta. Huku ndani sina pa kutoka, somo, na nina hofu, basi navuta kutwa."

"Na udi?"

"Udi unaficha harufu."

Bi Twahira aliketi kwenye mkeka. Nyumba nzima ilikuwa imemsifu mwali kwa mapenzi yake ya udi! Angeweza kucheka, na kwa kweli kicheko kilimfika kooni, lakini Najat alikuwa tayari amemshika magoti.

"Nifichie, somo. Mama Khalfani akisikia naitwa mvuta sigara, ndoa hakuna. Unamjua alivyo. Nifichie."

Bi Twahira alimjua mama mkwe huyo mtarajiwa, mwanamke wa Tanga asiyecheka hovyo, aliyewahi kuvunja uchumba wa mwanawe mkubwa kwa sababu binti alidanganya umri. Na aliijua sheria ya kazi yake pia. Kinachosemwa chumbani kwa mwali hakivuki kizingiti. Somo akitoa siri ya mwali, si somo tena.

"Haijatoka kwangu wala haitatoka," alisema. "Lakini kuna mtu lazima akuone."

Mchana ule ule alimleta Daktari Anande Sumari, mwanamke mtaalamu wa ngozi mwenye kliniki yake ndogo Kimandolu. Alikuwa Mmeru wa kule juu kwenye migomba na kahawa, Mlutheri, mwenye maneno machache na yaliyonyooka. Bi Sophia alimpokea kwa shukrani. Shangazi mtu alimpokea kwa ushindi.

"Mmeona? Aliyeunguza ndiye anayeleta daktari. Amekiri mwenyewe."

Daktari aliwaomba wote watoke, akabaki na mwali na somo wake. Najat alimwambia kila kitu. Bi Twahira naye akatapika habari za maua. Daktari aliuliza jambo moja tu: mgongo ukoje? Alipojibiwa kwamba mgongo unang'aa, alisema, "Basi si maua, bibi. Dawa ingeunguza kote ulikopaka." Bi Twahira alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi kichwani.

Kisha Daktari alitoa lenzi ndogo yenye taa, akaibana kwenye simu yake, akaiweka juu ya shavu la Najat pale ambapo hapakuwa na chunusi. "Tazama," akasema.

Bi Twahira aliinama akatazama. Ile ngozi aliyoigusa miaka yote ilikuwa imetanda kwenye kioo cha simu, kubwa, ina matuta na vijifereji vilivyopangwa kama shamba lililolimwa jana. Kila kitundu kilikuwa na unywele wake mwembamba unaometa. Kila kitundu kilikuwa na tone lake dogo la mafuta. Hakuna kilichokosewa. Vidole vyake vilikuwa vimepita juu ya haya yote, maelfu kwa maelfu, wala havikuyaona.

"Subhanallah," alisema, na mara hii sauti ilitetemeka. "Yote haya yapo kila siku?"

"Yapo kila siku. Na hayakai. Hii ngozi ya juu unayoiona, baada ya kama mwezi mmoja itakuwa imekwisha kudondoka yote, imekuja nyingine kutoka chini. Hata sasa tunavyozungumza inapanda."

"Bila kuambiwa?"

"Bila kuambiwa."

Bi Twahira alifuta machozi kwa pembe ya mtandio. Alikuwa akidhani miaka yote kwamba yeye ndiye anayetoa ngozi mpya. Kumbe ilikuwa inakuja yenyewe, yeye alikuwa anafungua mlango tu! Hakuona aibu. Aliona furaha kubwa ambayo hakujua aiweke wapi.

Daktari alisogeza lenzi kidevuni. Hapo shamba lilikuwa limevurugika. Matuta yamevimba, mekundu, vitundu vimeziba, magamba yamesimama.

"Ndiyo vepu iliyofanya hivi?" Najat aliuliza.

"Sitakudanganya. Wanaochunguza mambo haya bado hawajafika mwisho. Hakuna anayeweza kukuapia kwamba vepu peke yake imeleta chunusi hizi. Lakini nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na ngozi inayopata damu kidogo hupona polepole. Ule mvuke unaweza kukausha na kuchokoza, na unapita hapo hapo mdomoni kutwa nzima. Ongeza hofu ya harusi." Akamgeukia Bi Twahira. "Ongeza na kusuguliwa. Chunusi haisuguliwi, bibi. Ukiisugua unaichokoza."

"Basi na mimi nimo," Bi Twahira alisema.

"Umo kidogo."

"Kidogo ni kidogo, lakini nimo." Alikubali kwa moyo mmoja, maana alichokiona kwenye lenzi kilikuwa kimemnyamazishia ubishi wote.

Daktari aliacha krimu ndogo na maagizo: singo isiguse uso tena, sabuni isiwe kali, na vepu iachwe. Najat aliuliza kama uso utakuwa safi Jumamosi. Daktari alimwangalia kwa huruma. "Siku nne? Utatulia. Safi, hapana." Sebuleni aliwaambia tu kwamba singo isiguse uso, na shangazi mtu akaona huo ni ushahidi tosha.

Najat alimpa Bi Twahira ile kalamu aende nayo. Mkono wake ulichelewa kuiachia. Siku iliyofuata alikuwa mkali kama pilipili, akamfokea mama yake kwa ajili ya chai, akaomba radhi, akalia. Alhamisi alitapatapa chumbani akizunguka kitanda. Udi hakuutaka tena, na nyumba nzima ikadhani anaumwa. Bi Twahira alikuja kila siku, akamsinga mwili bila kugusa uso, akamshika mkono hamu ilipompanda. Hakuwa na dawa nyingine. Nje ya mlango aliipokea mvua ya maneno ya shangazi mtu akiwa ameinamisha kichwa. Simu zilikuwa zimeanza kupigwa. Nyumba ya Olasiti iliyokuwa imemwita mwezi ujao ilituma ujumbe kwamba imepata mtu mwingine. Siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu sehemu ya njia, akijiuliza mwanamke wa miaka sitini aliyenyang'anywa mikono yake anafanya nini asubuhi.

Ijumaa baada ya sala ya mchana walikuja wanawake wa upande wa bwana harusi kumtazama mwali na kumtia hina. Sebule ilijaa, wanawake kama thelathini, wametandaza mikeka. Katikati aliketi Mama Khalfani, amenyooka. Najat aliletwa amefunikwa shela ya kijani, akakalishwa juu ya godoro dogo. Mwali siku hiyo haneni wala hainui macho. Akiulizwa, somo wake hujibu kwa niaba yake. Ndivyo ilivyo.

Shangazi mtu hakungoja shela ifunuliwe. Alisimama akasema kwamba anaomba radhi mapema kwa watakachokiona, kwamba mtoto wao alikuwa safi kama maziwa, kwamba ameunguzwa na mpakaji singo asiyejua kazi, na mpakaji mwenyewe yule pale, amekaa karibu na mlango, mwangalieni.

Thelathini waligeuka wakamwangalia.

Neno moja lilikuwa ulimini mwa Bi Twahira. Neno moja tu, silabi mbili, na jina lake lingerudi, Olasiti wangerudi, miaka thelathini na nane ingerudi. Alilihisi kabisa kinywani. Akalimeza.

"Singo niliitwanga mimi," alisema. "Uso niliusugua mimi."

"Mmesikia?" shangazi mtu akasema.

Hapo shela ilitikisika. Najat aliinua mikono yake miwili, akajifunua mwenyewe. Mwanamke mmoja alishika mdomo. Uso ulikuwa umetulia kidogo, lakini chunusi zilikuwepo, wazi, bila poda, kwenye mwanga wote wa dirisha. Alimtafuta Mama Khalfani kwa macho na kumtazama moja kwa moja.

"Si singo," alisema. "Ni mimi. Mimi navuta, mama. Ile sigara ya umeme. Mwaka mzima nimevuta, na humu ndani nilijificha kwenye moshi wa udi. Daktari anasema huenda ndiyo, huenda si hiyo peke yake, hana hakika. Lakini mimi nina hakika kwamba huyu alijua, na amekaa siku nne anatukanwa kwa ajili yangu, na sitaki kuolewa juu ya mgongo wake."

Bi Sophia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, hajui aliweke wapi. Shangazi mtu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo huo hakikutoka kitu.

Mama Khalfani alinyanyuka. Alivuka mikeka taratibu, akapiga magoti kwa shida mbele ya mwali, akamshika kidevu, akautazama ule uso kwa muda mrefu. Kisha akageuza kichwa.

"Bi Twahira. Ulijua?"

Bi Twahira hakusema ndiyo wala hapana. Hata sasa haikuwa yake kuisema.

Mama Khalfani alielewa kimya hicho. Akamrudia Najat. "Umeacha?"

"Leo siku ya tatu. Jana nilitamani mpaka nikalia."

"Na kesho?"

"Kesho sijui, mama. Leo sijavuta."

Bi Twahira aliona kwamba msichana hakuinamisha macho. Alikuwa amemsinga mtoto huyu tangu kisigino hadi utosi, akadhani amemsoma wote, na kitu hiki, ujasiri huu, hakukigusa popote. Kilikuwa wapi? Kilianza kupanda lini? Mwili wote ulimsisimka.

Mama Khalfani aliketi pale pale kwenye godoro, bega kwa bega na mwali, akajifuta uso kwa kiganja.

"Hina inakauka," alisema. "Mnamsubiri nani?"

Msichana wa hina aliharakisha na bakuli, akapiga magoti, akanyoosha mkono. Najat hakumpa kiganja. Alikuwa akitazama mlangoni.

"Aanze kunitia somo wangu," alisema.

Wanawake walisogea wakaacha njia. Bi Twahira alipoanza kusimama, Mama Khalfani mwenyewe aliinuka akavuka mikeka hadi mlangoni, akanyoosha mkono na kumvuta.